Nabii wa Ukurasa Mmoja

Fundi makochi alimchagua nabii wake kwa unene. Kikundi cha kusoma Maandiko kilikuwa kimehangaika na manabii wakubwa kwa miezi mingi, kikakubaliana sasa kiwageukie wale wadogo, kila nyumba ichukue mmoja na kuongoza somo lake. Kwa kuwa walikutana sebuleni kwa Fundi, alipewa heshima ya kuchagua kwanza. Mtu mwingine angefumba macho akasali kidogo. Yeye alilowesha kidole ulimini, akafunua kurasa, akawapima mmoja mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada kama anavyopima sponji, mpaka alipofika kwa Obadia akakuta hakuna cha kupima.

"Huyu hapa," alisema. "Ukurasa mmoja."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mwalimu Mstaafu, kiongozi wa kikundi na mlinzi wa saa, alimtazama juu ya miwani. "Fundi, unajua anasema nini huyo?"

"Nitajua wiki ijayo, mwalimu. Hata kama ana hasira, kwa ukurasa mmoja hasira yake itafika wapi?"

Mkewe alicheka pamoja na wengine. Mtaa mzima ulimwita Mama Vitambaa, kwa kuwa ndiye aliyekata na kushona vitambaa vya makochi ya mumewe, na cherehani yake ilikaa pembeni mwa sebule hiyohiyo. Hakuwahi kumsoma Obadia. Kusema kweli hakuna mtu mle ndani aliyewahi, ila Mwalimu, naye Mwalimu alikuwa na ile tabia ya darasani ya kumwacha mtoto akosee kwanza ndipo amsahihishe.

Kilichowavuta watu kwenye nyumba ile si utakatifu wake, ni viti. Makochi ya wateja yaliyokuwa yakingoja kumaliziwa au kuchukuliwa yalirundikwa sebuleni, na ndugu waliyakalia kwa adabu, juu ya shuka lililotandikwa ili yasichafuke. Siku hizi makochi yalikuwa yamezidi. Mama Duka, jirani yao mnene mwenye maneno, alikuwa ameshajitengea lake, la kijani, karibu na dirisha, na ole wake mtu atakayemtangulia. Hakuna aliyeuliza utajiri huo wa viti umetoka wapi. Mama Vitambaa alijua umetoka wapi, na kila alipoona watu wanavyostarehe juu yake, alishika kitu cha kushona hata kama hakikuwa na haraka.

Yalikuwa makochi ya wateja wa shemeji yake.

Mumewe alikuwa na mdogo wake mmoja tu, ambaye kila mtu alimwita Mdogo, ingawa alimzidi kaka yake kwa urefu na, wateja wengine walisema kwa kunong'ona, hata kwa ufundi wa mkono. Karakana zao zilitazamana, moja huku na nyingine ng'ambo ya barabara. Mvua zilipokatika walikuja wabomoaji na mtambo wao, wakasema banda la Mdogo limeingia kwenye eneo la barabara. Fundi alisimama mlangoni kwake, nyundo mkononi, akatazama. Mkewe alimsukuma bega. "Nenda, baba watoto, mwenzako anatoa vitu peke yake." Alijibu, "Subiri kwanza." Akasubiri mpaka hakukuwa na cha kutoa.

Halafu wateja wakaanza kuja. Walisimama mbele ya kifusi, wakashangaa, wakavuka barabara kuuliza. "Yule wa ng'ambo kaenda wapi?" Naye Fundi, misumari mdomoni, asiinue kichwa: "Kahama." "Kahamia wapi?" "Hakusema. Nikusaidie nini?" Na wakati huo Mdogo hakuwa amehamia popote. Alikuwa nyuma ya soko, kwenye baraza ya chumba chake cha kupanga, ameegemeza kibao ukutani, anangoja watu.

*

Mama Vitambaa alimsoma Obadia kabla ya mumewe. Alikuwa anangoja pasi ishike moto, akaona afungue tu aone huyo nabii mfupi ana jambo gani. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika katikati akaketi. Alipomaliza alirudi mwanzo, maana alidhani labda ameelewa vibaya, kumbe alikuwa ameelewa barabara.

Nabii alikuwa anasema na ndugu. Taifa la Edomu na taifa la Israeli yalikuwa uzao wa pacha wawili, Esau na Yakobo, na siku wageni walipoingia mji wa Yakobo na kuupora, watu wa Esau walisimama kando wakatazama. Kisha wakaingia nao kujichukulia. Kisha wakaenda kusimama njia panda, wawazuie wale waliobahatika kukimbia. Mama Vitambaa alisoma hayo ya njia panda, masikio yake yakisikia sauti ya mumewe yenye misumari ndani yake ikisema kahama, kahama. Pasi ilipitiliza moto, akaunguza ncha ya kitambaa.

Jambo la kwanza alilofikiri ni kumkimbilia mumewe amwambie achague mwingine, hata awe mnene vipi. Jambo la pili lilimfunga mdomo. Vitambaa vya yale makochi alikata nani? Si yeye? Angefungua mdomo aseme nini, na mkasi uko mkononi?

Jioni ile alikwenda sokoni, na huko akakutana na mke wa Mdogo. Alikuwa amechutama pembezoni mwa meza za nyanya, pale zinapotupwa zilizopondeka, anachambua. Alipoinua uso na kumwona, alisimama haraka akajipangusa mikono kama aliyekuwa anatafuta kitu kilichomdondoka.

"Dada, habari za siku nyingi?"

"Nzuri tu, mdogo wangu. Nyie hamjambo?"

"Hatujambo. Mama mkwe anaendeleaje na macho?"

"Yaleyale. Anawaulizia kila siku."

"Mwambieni tutakuja kumuaga. Jumamosi tunaondoka."

Mama Vitambaa alihamisha kikapu kutoka mkono huu hadi mwingine. "Mnaondoka kwenda wapi?"

"Kwetu. Baba ana kishamba. Mume wangu atajifunza kulima." Alicheka, na kicheko kikamwishia njiani. "Mikono ile, dada! Anashika jembe kama anashika mkasi. Lakini afanyeje? Tangu asubuhi yuko barazani na kibao chake, watu wanapita tu. Jana kaniambia, mke wangu, nafikiri watu siku hizi hawatengenezi makochi. Cherehani imeshapata mtu. Vifaa vingine vimeuzwa pia."

"Chukua hizi nyanya, mimi nimenunua nyingi."

"Ah, asante dada, tunazo."

Aliondoka mkono mtupu, mgongo umenyooka. Mama Vitambaa alibaki pale amesimama, na ndani ya kikapu chake, chini ya nyanya, kulikuwa na uzi aliokuja kuununua kwa ajili ya lile kochi la kijani. Aliona aibu, aibu ile inayomfanya mtu ahisi watu wote sokoni wanamtazama, wakati kila mtu ana shughuli zake.

*

"Umeshamsoma nabii wako?" alimwuliza mumewe asubuhi.

"Ukurasa mmoja, mama watoto. Utanishinda?"

"Umsome mapema basi. Upate la kusema."

"La kusema huwa linakuja lenyewe. Mwalimu ataniuliza, mimi nitarudisha swali kwa kikundi. Ndivyo anavyofanya yeye."

Alipomletea chai karakanani alimkuta anavuta mikanda ya mpira kwenye fremu, miluzi mdomoni. Aliweka Maandiko kando ya kikombe, yamefunguliwa palepale. Aliporudi kuchukua kikombe, Fundi alikuwa amekiweka juu ya nabii.

Ndipo alipomkumbuka Bibi.

Bibi alikuwa mama wa hao ndugu wawili, akiishi chumba cha nyuma. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na masikio nayo yalitaka apewe jambo polepole. Kwa hiyo kila mara, kesho ikiwa siku ya kikundi, lazima mtu amsomee leo, ili naye kesho awe na la kuchangia, maana Bibi hakupenda kukaa mle ndani kama mzigo. Kuhusu Mdogo alikuwa ameambiwa kazi zimembana. Alipoambiwa hivyo alifurahi, akasema kazi ikimbana mtu ni neema. Mama Vitambaa hakujua ni kipi kilimuuma zaidi, uongo wenyewe au ile furaha.

"Leo msomee mama wewe," alimwambia mumewe alasiri ya Jumatano. "Mimi nina mishono. Na nabii ni wako."

Fundi alinawa mikono, akaenda. Mama Vitambaa alisogeza cherehani karibu na mlango wa chumba cha nyuma, akashona bila kukanyaga sana.

Alianza vizuri, kwa ile sauti yake ya kuchangamkia mambo. Alisoma habari za Edomu anayekaa juu kwenye majabali akidhani hakuna wa kumshusha, akatia na utani, "Unasikia, mama, mwenye nyumba ya ghorofa huyo." Bibi akacheka. Kisha akaendelea. Halafu sauti ikapungua kasi. Halafu ikakwama.

"Mbona umenyamaza?" Bibi aliuliza.

"Maandishi madogo, mama."

"Sogea dirishani."

Kiti kilisikika kikiburutwa. Alisoma tena, safari hii neno moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, akafika mwisho wa ukurasa.

"Hao si wale pacha?" Bibi alisema. "Esau na Yakobo?"

"Ni wajukuu zao, mama. Mataifa."

"Mataifa nini. Ni ndugu. Sasa huyu wa Esau alifanya nini hasa?"

"Alisimama."

"Alisimama vipi?"

"Upande wa pili. Wageni walipoingia kwa ndugu yake, alisimama akatazama."

"Hakumpiga mtu?"

"Mwanzoni hapana."

"Mkali nabii huyu. Kusimama tu?"

Cherehani ilinyamaza kabisa. Mama Vitambaa alishika gurudumu lake kwa mkono lisizunguke.

"Kuna mengine," Fundi alisema. "Alichukua vitu vya mwenzake. Halafu akaenda njia panda, akawazuia watu wasipite."

"Lo! Hata njia aliifunga?"

"Hata njia."

Bibi aliishusha sauti. "Mimi namfikiria mama yao."

"Mama yao alikuwa ameshakufa zamani sana. Hii ni miaka na miaka baadaye."

"Hata. Hilo jambo mama yeyote angelisikia huko aliko. Watoto waliolala tumbo moja! Nabii hakumtaja?"

"Hakumtaja, mama."

"Basi ukurasa ulikuwa mdogo," Bibi alisema, akimsamehe nabii.

*

Mama Vitambaa alimkuta karakanani ameketi chini, mgongo kwenye fremu, mikono mapajani. Nyundo ilikuwa mbali naye. Hakuwa amemwona mumewe akikaa bure mchana tangu baba mkwe wake afariki.

"Ulikuwa umeshausoma," Fundi alisema. Hakuwa anauliza.

"Juzi."

"Ukaniacha."

"Ningesema nini? Vitambaa nimekata mimi."

Aliketi kando yake kwenye vumbi la pamba. Walitazama ng'ambo, pale palipokuwa na banda. Sasa palikuwa na shimo lenye maji na kipande cha bati.

"Kuna kitu hukijui," Fundi alisema. "Siku ile, yule mkubwa wao alivuka akaja kwangu. Akaniuliza, huyu wa pale ni nani wako? Alikuwa anautazama huu ukuta wangu, huu niliousogeza mwaka jana. Unajua nao umeingia barabarani."

"Najua."

"Nikamwambia, ni jirani tu." Alipangusa uso kwa mkono mzima, vumbi likageuka tope mashavuni. "Jirani! Mtoto niliyembeba mgongoni. Wakaondoka, ukuta wangu ukabaki. Baada ya hapo nikimwona naona lile neno. Nikaona bora nisimwone. Wateja walipokuja nikasema kahama, na wallahi ilikuwa kama natamani kweli awe amehama."

Mama Vitambaa alimkasirikia, akamhurumia, akampenda, vyote kwa mara moja, na hakujua aanze na kipi. Alichukua kiganja chake kilichojaa sugu, akakiweka juu ya goti lake.

"Jumamosi anaondoka," alisema. "Wanakwenda kwa wakwe zake, kulima."

"Nani kakwambia?"

"Mkewe. Mdogo ameuza cherehani. Anadhani watu hawatengenezi makochi siku hizi."

Fundi alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyejigonga kidole. Kisha akasema, "Nitamwona Mwalimu tubadilishe nabii."

"Badilisha. Na mdogo wako utambadilisha na nani?"

*

Siku ya kikundi, ndugu walipiga hodi, wakaingia, wakasimama. Sebule ilikuwa imebaki na cherehani, stuli yake, na mkeka mkubwa uliotandikwa katikati ya sakafu tupu. Mama Duka alikwenda moja kwa moja mpaka dirishani, akageuka kukaa, akaona hakuna kitu nyuma yake, akajishika ukutani.

"Jamani, kochi langu!"

"Halikuwa lako, mama," Mama Vitambaa alisema. "Wala letu. Limekwenda kwa mwenyewe. Karibuni mkekani."

"Kwenye mkeka, kwa magoti haya?"

"Tutakuinua."

Walijishusha mmoja mmoja, kwa kuguna na kushikana mabega, na Mwalimu akapewa stuli ya cherehani, ambayo ilimfanya awe juu ya wenzake kama hakimu. Bibi alikaa kwenye mto wake kando ya mlango. Mwalimu alitazama saa. "Na Fundi?"

"Amepeleka kazi mahali." Alikuwa ameondoka tangu mchana na mkokoteni wa kukodi, makochi matatu yamefungwa kwa kamba, lile la kijani juu kabisa. Hakula. Alipofika kona aligeuka akamtazama mkewe, na Mama Vitambaa aliona hofu usoni mwake, hofu ya mtoto anayepelekwa hospitali. "Tuanze, mwalimu. Nitaongoza mimi mpaka aje."

Hakuwahi kuongoza somo maishani mwake. Alisoma kwa sauti iliyokuwa inamkimbia, akasahau kuomba dua ya mwanzo, akarudi akaomba, akasoma tena. Ndugu walimvumilia. Walipofika kwenye habari za ndugu aliyesimama kando, Mama Duka alisema watu wa namna hiyo wapo hata mtaani kwetu, akaanza kutoa mifano, na Mwalimu akakohoa. Ndipo magurudumu ya mkokoteni yakasikika nje, yakalia, yakasimama.

Fundi aliingia peke yake, shati limemganda mgongoni. Hakukaa.

"Samahanini kwa kuchelewa," alisema. "Mdogo wangu yuko nje getini. Hataki kuingia."

"Nani?" Bibi aliinua kichwa. "Mdogo? Kwa nini hataki kuingia kwao?"

Fundi alipiga magoti mbele ya mama yake, ukingoni mwa mkeka, miguu ya ndugu ikijikunja kumpisha. "Kwa ajili yangu, mama. Ule ukurasa wa jana. Yule aliyesimama, ni mimi. Walipobomoa banda lake nilisimama. Wateja wake nimewachukua mimi. Nilikuwa nawaambia amehama."

"Banda limebomolewa?" alisema Bibi.

"Tangu mvua zilipokatika."

Mama Duka, ambaye hakuna neno lililowahi kumshinda, alitazama mkeka.

"Leo nimempelekea kazi zake," Fundi aliendelea. "Nikamwambia hata kwamba nilimkana mbele ya wale wabomoaji. Kumbe alikuwa anajua. Siku ile alinisikia, mama, alikuwa nyuma ya ukuta wangu, amevuka barabara anavuta cherehani yake. Amekaa nalo muda wote huu. Hakunijibu kitu. Alinisaidia kushusha makochi. Nikageuza mkokoteni, akashika upande wa pili, tukausukuma mpaka hapa, njia nzima hakusema neno."

Mkono wa Bibi ulitafuta hewani, ukakipata kichwa cha mwanawe, ukakaa hapo. Ulikaa kwa uzito, na Mama Vitambaa hakuweza kujua kama ni wa kubariki au wa kukemea. "Nishikeni," alisema mwishoni. "Nataka kutoka nje."

Mama Vitambaa alimshika. Kwenye geti, Mdogo alikuwa amesimama ng'ambo ya kizingiti, mkono mmoja kwenye mkokoteni, uso umeelekea barabarani. Bibi alimpapasa kuanzia kiwiko, bega, mpaka shavu, ikambidi anyanyue visigino.

"Umekonda."

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia ndani."

"Leo hapana, mama. Usinikasirikie. Leo nimeweza kufika hapa tu."

Mama Vitambaa alidhani mama mkwe wake atalia, au atamvuta, au ataanza kuhubiri. Bibi alifikiri kidogo tu. Kisha akageukia nyumba, akapaza sauti kuliko walivyomsikia akifanya kwa miaka.

"Leteni mkeka huku!"

Wa kwanza kusimama alikuwa Mwalimu, ambaye hakuwahi kubadilisha ratiba hata kwa mvua. Alishuka kwenye stuli yake, akaanza kuukunja mkeka wakati Mama Duka bado amekaa juu yake. Wakautandika getini, nusu ndani, nusu nje, ndugu wakajishusha upya kwa miguno ileile, wapita njia wakageuza shingo. Bibi alikaa juu ya mkokoteni. Mdogo hakusogea, ila alishika mpini ili usiyumbe chini ya mama yake.

"Sasa soma," Bibi alimwambia mwanawe mkubwa. "Nabii ni wako."

Fundi alisoma akiwa amesimama. Hakukuwa na utani safari hii. Alisoma habari za majabali, akapita, akafika kwenye siku ile ya wageni, akavuka kama mtu anayevuka mto kwa miguu, akaenda mpaka kwenye ahadi ya mwisho, kwamba waliotawanywa watarudi kwao. Alipofunga kitabu ndugu walisema amina. Mdogo hakusema. Bado alikuwa anatazama barabara.

"Soma tena pale," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa kaka yake.

"Pale wapi?" Fundi aliuliza, ingawa alijua.

"Unapajua."

Fundi alifungua tena. Alisoma kuhusu aliyesimama kando. Alisoma kuhusu aliyefurahi, na aliyechukua, na aliyeziba njia panda. Hakuharakisha, wala hakuruka. Kila mara nabii aliposema hukupaswa, aliinua macho akamtazama mdogo wake mgongoni, kisha akarudi kwenye mstari. Machozi yalimtoka mbele za watu, mbele ya wapita njia, na hakuyafuta. Mama Vitambaa alitamani kwenda kumshika, akajizuia. Hilo lilikuwa la kwao wawili.

Alipomaliza, Mdogo aligeuka. Macho yake nayo yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa ya fundi anayezungumza na fundi.

"Lile la kijani umefunga mikanda vibaya. Umeivuta sana. Mtu mnene akikaa itakatika."

Mama Duka alifungua mdomo, akaufunga.

"Nilikuwa na haraka," Fundi alisema.

"Nitaifungua yote. Nianze upya."

"Ni kazi kubwa hiyo." Fundi alifunga kitabu. "Na Jumamosi?"

Mdogo alitazama mpini mkononi mwake, kisha mama yake aliyekaa juu ya mkokoteni ameinamisha kichwa, akisikiliza kwa mwili mzima.

"Jumamosi nitakuwa naifungua," alisema. "Njoo na koleo lako. Langu nimeuza."